Kihisi hakina kosa, ichunguzeni soketi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ninaotaka kuuzungumzia leo haukutoka mtini. Ni tone la maji ya chumvi linaloingia ndani ya kijisoketi cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, mahali ambapo waya wa umeme huungana na kihisi cha injini. Mguu unaoota tende ni gari zima, pamoja na mwalimu, mgonjwa, mtahiniwa na mfanyabiashara walioabiri ndani yake.

Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa isimu ana nini na mambo ya gereji. Swali hilo ni la haki. Naomba nisikilizwe kwanza, kwani nitaonyesha kwamba kosa linalowagharimu wenye magari makuukuu katika nchi yetu ni kosa la usomaji kabla ya kuwa kosa la spana.

Nilikuwa nimekwenda Diff, mji mdogo wa Wajir Kusini ulio mpakani na Somalia, kusikiliza jinsi Kiswahili kinavyozungumzwa na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kisomali. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu wa shule ya upili, mwenye gari dogo la Kijapani ambalo lilikuwa limekwisha kuutumikia umri wake kwingine. Kanuni ya ubora wa magari ya Kenya, KS 1515:2000, huzuia gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu mahali gari litakapozeekea baada ya kuingia. Hulitumikia jiji, kisha mji wa mkoani, na mwisho wake hupelekwa kule ambako barabara ni mbaya zaidi na mafundi ni wachache zaidi. Huo ndio mzaha wa biashara ya magari: gari lililochoka hupewa kazi ngumu kuliko zote.

Gari la mwenyeji wangu lilikuwa na maradhi ya ajabu. Asubuhi liliwaka vizuri. Likishapata moto, lilianza kutoa moshi mweusi, kunywa petroli kama ngamia aliyetoka safari, na kuzimika likisimama. Taa ya injini iliwaka na kuzimika kwa hiari yake. Fundi wa kwanza alikuwa ameiunganisha feni moja kwa moja na swichi kwa kuwa haikuwa ikizunguka yenyewe, akadhani amemaliza kazi. Wa pili aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akapata namba P0118, akatamka hukumu: "Sensa ya joto imekufa." Mwalimu akanunua sensa. Baada ya majuma mawili namba ileile ikarudi. Akanunua ya pili. Nilipofika alikuwa anaingojea ya tatu, nayo ilikuwa inatoka Nairobi.

Sensa ya tatu ikafika, ikafungwa, na taa ikazimika. Siku tatu baadaye jirani alikuja usiku kubisha hodi: mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, na ilibidi apelekwe Habaswein. Tukaondoka, mama yule na shangazi yake wakiwa nyuma, mimi na mwalimu mbele. Baada ya mwendo mrefu tulifika kwenye kizuizi cha barabarani, tukaamriwa kuzima injini, tukazima. Hayo ni mambo ya kawaida katika eneo hilo na simlaumu yeyote. Lakini tulipotaka kuondoka gari halikuwaka. Lilikohoa tu, na harufu ya petroli ikatuzunguka. Tulikaa pale karibu saa mbili, giza limetanda, mama yule akiuma ncha ya mtandio wake ili asilie mbele ya wanaume. Lori la mifugo ndilo lililotuokoa. Namshukuru Mola, alijifungua salama na mtoto ni mzima. Lakini usiku ule nilijifunza kwamba habari ya soketi si habari ya mafundi peke yao.

Gari lilipovutwa hadi Habaswein, fundi mmoja mzee alilifungua boneti na kuniuliza, "Mwalimu, hii sensa ni ya ngapi?" Nikamjibu ni ya tatu. Akacheka. Hakuigusa sensa. Aliibonyeza kufuli ya soketi, akaivuta taratibu, akanionyesha ndani. Pini moja ilikuwa inang'aa. Ya pili ilikuwa na ukungu wa kijani, na waya wake, chini ya plastiki iliyoonekana nzima, ulikuwa umegeuka unga. Akawasha mashine yake. Injini ilikuwa bado na joto, lakini kompyuta ya gari iliamini kwamba maji ya injini yana nyuzi 4 za Selsiasi.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Katika nchi ambayo adhuhuri hata mbuzi huacha malisho na kutafuta kivuli, injini ilikuwa inajidhania iko kwenye jokofu. Na kwa kuwa injini baridi huhitaji petroli nyingi ili iwake, kompyuta ilikuwa inaimwagia petroli isiyohitajika. Ndiyo maana ya moshi mweusi. Ndiyo maana ya kukataa kuwaka ikiwa moto, maana ilikuwa imezama katika petroli. Ndiyo maana pia feni haikuzunguka: nani awashe feni katika baridi ya nyuzi 4? Dalili zote tatu zilitokana na uongo mmoja, na uongo huo haukusemwa na kihisi.

Mwaka 1960 mwanaisimu Roman Jakobson alichapisha makala ambayo wanafunzi wangu huyasoma kila mwaka. Alieleza kwamba mawasiliano yoyote yana mambo sita: msemaji, msikilizaji, ujumbe, muktadha, msimbo, na jambo la sita ambalo wanafunzi hulisahau katika mtihani, yaani mgusano, ile njia inayowaunganisha wawili hao. Tunaposema katika simu "Haloo, wanisikia?" hatutoi habari yoyote, tunaupima mgusano. Injini ya kisasa ni mazungumzo ya namna hiyohiyo. Kihisi ndicho msemaji, kompyuta ndiyo msikilizaji, na soketi ndiyo mgusano. Msikilizaji akisikia upuuzi, si lazima msemaji awe mpumbavu. Huenda simu ndiyo mbovu.

Kihisi cha joto kina namna rahisi ya kusema. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda. Katika magari mengi ya Kijapani, kikiwa kwenye nyuzi 20 ukinzani wake huwa kama omu 2,500, na kikifika nyuzi 80 hushuka hadi kama omu 320. Kompyuta hupeleka volti 5, hupima zilizobakia, na kutokana na hizo hukisia joto. Sasa chukua soketi iliyoota kutu kiasi cha kuongeza omu 700 tu. Zile 320 huwa zaidi ya 1,000, na injini ya nyuzi 80 huripotiwa kuwa na nyuzi 45 hivi. Hakuna kilichokatika wala kilichoungua, ila sentensi imepotoshwa njiani. Umeme unaopita hapo ni sehemu chache tu katika elfu za ampea, hivyo utando mwembamba ambao taa ya mbele isingeuhisi hata kidogo unatosha kuubadili ujumbe wa kihisi.

Hapa ndipo nifikapo kwenye dai langu. Namba P0118 aliyoisoma yule fundi wa pili haisemi kwamba kihisi kimekufa. Namba hizi, zenye herufi P na tarakimu nne, zilisanifiwa ili mafundi wa kila kampuni wasome kitu kimoja, na Marekani ikazifanya za lazima kwa magari yake tangu mwaka 1996. Maana rasmi ya P0118 ni kwamba volti katika mzunguko wa umeme wa kihisi cha joto la maji ziko juu kuliko inavyopasa. Neno kuu ni "mzunguko". Kihisi ni sehemu moja tu ya mzunguko huo. Sehemu nyingine ni nyaya, pini, soketi na kompyuta yenyewe. P0102 ya hewa iingiayo vilevile hutaja mzunguko. P0335 ya mzunguko wa shafti kuu, ile inayoweza kulizima gari ghafla njiani, vilevile. Waliozitunga walikuwa waangalifu sana. Sisi wasomaji ndio wazembe.

Kwa nini tunasoma vibaya? Ninaamini sababu moja ni ya kisarufi. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mashine hizo, hupanga majina yake kwa kulitanguliza lile linaloeleza na kuliweka mwisho lile linaloelezwa. Husema, kwa mpangilio wake, "kihisi mzunguko", kikimaanisha mzunguko wa kihisi. Kiswahili hufanya kinyume: jina kuu hutangulia, na maelezo hufuata. Kisomali nacho, katika tungo zake nyingi, hutanguliza jina kuu. Basi fundi wa Diff, Garissa au Mombasa anaposoma kioo cha mashine kwa haraka, macho yake hulishika jina la kwanza na kulifanya kuu kama alivyozoea tangu utotoni. Husoma "kihisi", kisha hayo mengine akayaona kuwa mapambo. Hukumu hutolewa, na pesa hutoka mfukoni mwa mtu ambaye mshahara wake haujatosha hata kwa karo.

Kosa la pili liko katika Kiswahili chetu wenyewe. Neno letu "kutu" humletea msikilizaji picha ya wekundu wa chuma kilicholala mvuani. Pini za soketi si za chuma. Aghalabu ni za shaba au mchanganyiko wake, zilizopakwa bati. Kutu yake huweza kuwa ya kijani, nyeupe kama chumvi, au utando wa kijivu na mweusi usioonekana kuwa kitu. Mtu anayetafuta wekundu huifungua soketi, haoni wekundu, akasema ni safi. Nimemsikia kijana mmoja akiniambia kwa dhati, "Mwalimu, huku kwetu hakuna kutu, ni kukavu." Alikuwa mkweli kwa kadiri ya neno alilopewa.

Kutu hiyo ya nchi kavu hutoka wapi, basi? Hutoka kwanza katika maji ya visima. Chini ya ardhi ya eneo hilo iko hifadhi ya maji ya Merti, inayoelekea Habaswein, Dadaab na Liboi hadi ng'ambo ya mpaka. Katikati yake maji ni matamu, lakini kadiri unavyosogea pembezoni ndivyo chumvi inavyozidi. Gari likioshwa injini kwa maji ya namna hiyo, maji hukauka kwa dakika chache na chumvi hubaki. Vumbi huja kuikalia, na umande wa alfajiri huilowesha tena. Hutoka pili katika mvua, ambazo zikikosekana hukosekana kabisa na zikija huja kama zilizotumwa kulipiza. Baada ya ukame mrefu ulioanza mwaka 2020, mvua za mwishoni mwa 2023 zilifurika na kukata barabara Garissa, Wajir na Mandera. Magari mengi yalivuka maji yaliyofika juu ya magurudumu.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo haihitaji maji hata tone. Ni mtikisiko. Barabara yenye makunyanzi huzitikisa soketi maelfu ya mara kwa saa. Pini husuguana na mwenzake kwa mwendo mdogo usioonekana, bati hukwanguka, lile lililokwanguka huungana na hewa na kuwa unga mweusi usiopitisha umeme, kisha msuguano huanza upya. Gari linaweza kuharibika hivyo bila kupata kuloa maisha yake yote. Nalo joto la kila siku hukausha plastiki ya kufuli hadi ikavunjika, na hugandisha ule mpira mdogo wa kuzuia maji hadi ukaacha kuziba. Soketi isiyo na kufuli hutikisika zaidi, na isiyo na mpira huingiza vumbi na maji. Hivyo maradhi matatu husaidiana.

Kinga yake si ghali. Usiioshe injini kwa maji ya nguvu, na ikibidi kuiosha tumia kitambaa kilicholoa maji matamu. Ukivuka maji marefu, siku hiyohiyo zifungue soketi za chini unazozifikia, zikaushe, kisha zifunge. Kufuli iliyovunjika usiipuuze: funga soketi kwa kamba ya plastiki hadi upate nyingine. Nyaya zifungwe zisining'inie, na karibu na soketi ziachwe zishuke kidogo kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondokee chini badala ya kutiririkia ndani. Paka grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme kwenye mpira wa soketi, nyembamba tu, si ya kujaza. Na zaidi ya yote, usimruhusu mtu kuutoboa waya kwa sindano ili aupime. Tundu lile dogo halijizibi lenyewe, na maji huingia na kutambaa ndani ya nyuzi za shaba. Pengine waya wa mwenyeji wangu ulioliwa chini ya plastiki nzima ulianza na sindano kama hiyo.

Tiba nayo ina adabu zake. Kwanza iondolewe nyaya hasi ya betri, na soketi za rangi ya njano, ambazo ni za mifuko ya hewa ya usalama, zisiguswe kabisa na asiye na mafunzo hayo. Soketi ivutwe kwa kushika plastiki, kamwe si kwa kuvuta waya. Ikiwa utando ni mwepesi, ipuliziwe dawa ya kusafishia viungo vya umeme, isuguliwe kwa mswaki laini, ipuliziwe tena, na iachwe ikauke. Msasa usitumike, kwa kuwa huondoa bati pamoja na kutu, na shaba iliyobaki uchi itaota kutu upesi kuliko mwanzo. Ndimu na soda, ambazo nimeziona zikitumika, hung'arisha kweli, lakini asidi inayobaki ndani huendelea kula baada ya fundi kwenda nyumbani. Kisha pini ijaribiwe kama inabana. Soketi iliyolegea ikisafishwa ni kama mlango uliopakwa rangi bila bawaba.

Ikiwa waya umeliwa, kusafisha hakutoshi. Ukatwe nyuma hadi shaba itakapoonekana nyekundu na inayong'aa, hata kama itabidi kuongeza kipande cha waya. Pini mpya ibanwe kwa koleo lake, au soketi nzima yenye vipande vya nyaya itolewe kwenye gari lililokufa na kuunganishwa. Kiungo kivikwe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia tepu nyeusi ni kuahirisha tatizo hadi mvua ijayo. Yule mzee wa Habaswein alikata, akabana, akafunika, akaifuta namba kwenye kompyuta, na kazi yote haikumchukua saa moja. Tangu siku hiyo sensa ya tatu imekaa mahali pake bila kulalamika, na ninaamini kwamba ile ya kwanza nayo ilikuwa nzima.

Najua litatolewa pingamizi, nalo ni la haki. Vihisi navyo hufa. Joto huviua, umri huviua, na vile vya bei nafuu huja sokoni vikiwa maiti. Sisemi kwamba kihisi kisibadilishwe kamwe. Ninachosema ni kwamba kisihukumiwe kabla mashahidi hawajasikilizwa, na mashahidi wenyewe hawana gharama. Kwa kihisi cha joto chenye nyaya mbili, ivute soketi, uwashe swichi, utazame mashine. Katika magari mengi itaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa kuwa hakuna anayesema. Sasa unganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya. Somo likiruka juu ya nyuzi 100, basi nyaya na kompyuta ni nzima hadi hapo, na mshukiwa ni kihisi au mgusano. Lisiporuka, tatizo liko katika nyaya au kompyuta, na kihisi kipya kitakuwa sadaka kwa muuza vipuri. Kisha pima kihisi chenyewe kwa mita, na utikise waya huku ukiitazama namba. Ikicheza, umemkamata mhalifu. Jaribio hilo la kuunganisha ni la kihisi cha joto cha nyaya mbili tu. Vihisi vingine visifanyiwe hivyo.

Sasa niwageukie walimu wenzangu na wanafunzi, maana safu hii ni yao. Wanafunzi wetu hufundishwa ukinzani wa umeme darasani kwa mifano ya vitabuni. Hufundishwa pia, katika somo la Kiswahili, uandishi wa kiuamilifu, na huambiwa waandike maelekezo. Mara nyingi tunawaomba waeleze jinsi ya kupika ugali, jambo ambalo kila mmoja wao alilijua kabla hajazaliwa. Kwa nini mwalimu wa fizikia asilete soketi moja kuukuu darasani, wanafunzi wakaipima kabla ya kuisafisha na baada yake? Na kwa nini mwalimu wa Kiswahili asichukue jambo hilohilo kesho yake, akawaambia: andikeni maelekezo ambayo fundi wa mtaani kwenu anaweza kuyafuata, asiue kihisi kisicho na hatia?

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini urasmi wa lugha haukamiliki bungeni na mahakamani peke yake. Hukamilika siku ambayo kijana wa chuo cha ufundi ataweza kusoma namba ya kosa katika lugha anayoifikiria, imeandikwa kwa mpangilio unaotanguliza jina kuu: mzunguko wa kihisi cha joto. Tunalo neno "kihisi", ingawa mafundi husema "sensa", neno ambalo wengi wetu tunalijua kwa kuhesabiwa watu. Tunalo "ukinzani". Tunalo "mzunguko". Kinachokosekana ni kijitabu, ukurasa mmoja uliobandikwa ukutani mwa gereji, na mwalimu wa kuuandika. Vyuo vyetu vikuu, kikiwamo Garissa kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2017, vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Mada ndiyo hii. Waende gerejini, wasikilize mafundi wanavyosema, wayakusanye maneno yao, wayapange.

Wala tusidhani kwamba elimu itatoka kwetu kuelekea kwa mafundi tu. Yule mzee wa Habaswein hajapata kulisikia jina la Jakobson, lakini alilijua jambo la sita ambalo wanafunzi wangu hulisahau. Nilipomuuliza alijifunza wapi kutazama soketi kabla ya sensa, alinijibu, "Mwalimu, mtu akikuletea salamu mbaya, kwanza muulize aliyezileta." Nimefundisha isimu miaka mingi, na sijapata kuwapa wanafunzi wangu ufafanuzi ulio bora kuliko huo.

Basi shime, ndugu msomaji. Taa ya injini ikiwaka katika gari lako kuukuu, usikimbilie duka la vipuri. Muombe fundi wako akusomee namba yote hadi neno la mwisho. Fungueni boneti pamoja, vuteni soketi, mtazame ndani. Kuna mama mahali fulani, pengine usiku wa leo, anayeitegemea pini moja ndogo ya shaba, naye hana habari kwamba anaitegemea.